Kadi ya Kima wa Fedha

Jumatatu, 17 Septemba 1984

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapowaona wanyama wa fedha wa Eulogio ni kudhani kwamba wanaruhusiwa kuchagua. Wanasimama mbele ya meza, wanamtazama chui, popo, kulungu, mbwa, kisha wanasema, "Nipe yule, nimempenda." Lakini kwa hesabu ya Wamaya, watu wa kwao Eulogio, mtu hamchagui mnyama wake. Siku aliyozaliwa ndiyo inayompa. Siku zina majina ishirini, na zina namba moja hadi kumi na tatu. Majina na namba huzunguka pamoja kama magurudumu mawili yenye meno, na hupita siku mia mbili na sitini kabla jina lile na namba ile kukutana tena. Jina huja na mnyama wake. Namba huandikwa kwa nukta na mistari: nukta ni moja, mstari ni tano. Ukishaelewa hilo, vidani vya Eulogio vinasomeka kama ukurasa.

Daftari ni jipya, kwa hiyo nijitambulishe. Naitwa Anselmo, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba. Nilikuja Stockholm miaka minane iliyopita na mke wangu Paskalia, ambaye watu wa kanisa walimwalika kwa matibabu. Amezikwa hapa, nami nikabaki. Ili nisizungumze na kuta nilijiunga na kikundi cha kujifunza ufuaji fedha, katika chumba cha chini cha jengo letu huku Tensta. Aliyetufundisha ni Eulogio, sonara wa Cobán, Guatemala, aliyekimbia vita vya kwao. Wanafunzi wengine waliacha mmoja mmoja, nikabaki mimi. Lugha yetu ya pamoja ni Kiswidi, ambacho kila mmoja anakivunja kwa namna yake. Yeye ndiye mikono. Mimi ni nusu mkono na mdomo mzima: Waganda, Wakenya na Watanzania wakija kuagiza, ninayeeleza ni mimi, na kwa kila kidani naandika kadi ndogo ya Kiswahili, kwa mwandiko wangu wa ubaoni.

Tatizo lilikuwa neno. Huyu mnyama wa siku aitweje? "Mnyama wako" ni kama mbuzi wa kufuga. "Mnyama wa bahati" ni lugha ya wapiga ramli. Leo nikiwa napiga tupa nimelipata: muziro. Kila Mganda analijua, na sisi Wahaya tunalo lilelile. Ukoo una mnyama wake. Hamumli, hamumuui, mnaitana kwa jina lake. Ukoo wangu mimi hauli senene, na utotoni msimu wa senene ulikuwa msimu wangu wa kulia. Neno moja tu, na mteja anaelewa yote. Nimefurahi mpaka nimejikwaruza kidole.

Jumatano, 19 Septemba

Mvua. Tumelilainisha bati la fedha kwa moto mara sita. Fedha ukiipiga bila kuilainisha hupasuka pembeni, na ufa hauonekani mpaka umemaliza kazi.

Jumapili, 23 Septemba

Baada ya ibada tulipanga vidani kwenye ukumbi wa kanisa. Wa kwanza alikuwa Wilkister, muuguzi, mtu wa Kisumu, ambaye sauti yake hufika kabla yake.

"Mwalimu, hebu nisomee. Mimi ni nani?"

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Ya kweli au ya serikali?"

Watu wakacheka, maana nusu ya waliokuwa pale wameandikwa tarehe moja Januari. Ukifika ofisi ya uhamiaji hujui siku yako, wanakuandikia hiyo. Eulogio, aliyesimama nyuma yangu na kofia mkononi, alipoelezwa aliuliza kwa upole kama kwetu wanawake hupumzika kuzaa miezi kumi na moja iliyobaki. Nilipotafsiri, Wilkister alimpiga bega.

"Huyu namtaka awe shemeji yangu! Andika tarehe tatu Machi, hamsini na tano. Na ikitoka panya, niandikieni chui, msimamizi wangu wa zamu aniogope."

Ikatoka kulungu. Akaguna. "Haya, kulungu. Sisi Wajaluo hatuna mambo ya muziro, tunakula chochote kinachoogelea."

Kisha akaja Damalie. Ni binti Mganda wa miaka ishirini na mitatu, anahudumia wazee huko Farsta, mpole, hasemi mpaka wengine wamalize. Ni mchumba wa Samwiri, dereva wa basi. Utambulisho wao, ambao Waganda huuita kwanjula, umepangwa Jumamosi tarehe nane Desemba. Siku hiyo kila upande hutaja mbele ya wote ukoo wake, baba na mababu. Shangazi yake Samwiri, Bi Jovia wa Fisksätra, ndiye anayesimamia, na inasemekana tayari ameshona nguo mbili.

Damalie aliinama karibu. "Mwalimu, kwa hiyo inajulikana kwa tarehe tu? Hata kama mtu hana wa kumwuliza?"

"Kwa tarehe tu," nikasema, nikaanza kueleza magurudumu mawili, nikachora meno yake kwenye karatasi, nikaeleza kwa nini ishirini na kwa nini kumi na tatu. Alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Halafu akatoa ndani ya Biblia kipande cha cheti kilichochanika nusu ya juu. Tarehe ilikuwapo: 14 Mei 1961. Eulogio akahesabu kwenye daftari lake. Kima, namba tano.

"Kima?" akasema. "Nkima?"

"Kwenu Nkima, kwa Kiswahili kima. Ni neno moja."

"Una hakika, Mwalimu?"

"Mwanangu, hesabu haidanganyi."

Alhamisi, 27 Septemba

Kima wa Damalie ameanza. Eulogio analaza bati juu ya lami iliyopashwa moto, analisukuma kutoka nyuma kwa patasi butu, anageuza, anachonga uso kutoka mbele. Macho huyaacha mwisho. Mkia umezunguka kama alama ya kuuliza, na chini yake mstari mmoja: tano.

Nilikuwa naandika kadi yake, "Muziro wako: Kima. Namba yako: Tano." Eulogio akaniuliza hilo neno la kwanza lina maana gani. Nikamweleza.

"Linatoka kwa baba?" akauliza.

"Kwa baba, ndiyo."

"Mnyama wangu hatoki kwa baba, Don Anselmo. Anatoka kwa siku." Don ni neno lao la kumheshimu mzee.

"Najua. Lakini watu wanahitaji mlango wa kuingilia."

"Huu ni mlango wa nyumba nyingine."

Nikamwambia kwamba tafsiri yoyote ni kukaribia tu, nikampa mifano mitatu kutoka Biblia. Aliwasha moto wake.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimempa Damalie kidani chake. Alimtazama kima, akasoma kadi, akaisoma tena midomo ikitikisika, kisha akalia. Alilia kimya, kadi ameibana kifuani. Wanawake wawili walikuja kumshika mabega. Nimewaambia kazi nzuri ya mikono humfikia mtu hivyo.

Jumatatu, 8 Oktoba

Eulogio anasema hajawahi kuona mtu analia kwa kidani. Nimemwambia ni kwa sababu ya kadi.

Jumamosi, 20 Oktoba

Samwiri alikuja karakana, sare ya kazi mwilini. Alisimama mlangoni hata baada ya kumkaribisha kiti.

"Mwalimu, Damalie umemwona?"

"Jumapili iliyopita hakuja ibadani."

"Simu hapokei. Nikienda Farsta, anaongea na mimi mlango nusu wazi. Anasema zamu zimekuwa nyingi. Mimi nimemkosea nini?"

Nikamkalisha kwa nguvu, nikamweleza. Nilisema binti anapokaribia ndoa huingiwa na hofu, kwamba Paskalia naye wiki za mwisho kabla ya harusi alikataa hata kunisalimia, kwamba hofu hiyo ni dalili ya kulichukulia jambo kwa uzito. Nilisema mengi, na yote yalikuwa mazuri. Samwiri alizungusha kofia yake vidoleni.

"Asante, Mwalimu," akasema, na alipotoka niliona hajafunga kamba za kiatu kimoja.

Ijumaa, 26 Oktoba

Saa kumi jioni tunawasha taa zote. Kichwa kinauma.

Jumamosi, 10 Novemba

Leo amekuja Bi Jovia. Nilikuwa nikimweusha popo, yaani kumpaka dawa ya salfa ili mabonde ya fedha yawe meusi na vilima ving'ae, na chumba kilinuka yai bovu. Hakuziba pua. Alivua glovu moja, akaweka kadi mbele yangu, juu ya unga wa fedha.

"Mwalimu, ssebo," akasema, yaani bwana. "Huu mwandiko wako?"

"Wangu, dada yangu. Karibu ukae."

"Nitakaa baadaye. Msichana amekuja kwangu jana. Amepiga magoti sebuleni, anasema hawezi kuolewa na Samwiri. Nikadhani ana mimba ya mtu mwingine. Akanipa hii. Wewe unajua Samwiri ni wa ukoo gani?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza. Nilianza kujua wakati ule ule aliponitazama.

"Sisi ni Nkima," akasema. "Nyumba yote, mpaka kwa babu wa babu. Na Damalie alituambia yeye ni Mmamba, ukoo wa samaki kamongo. Sasa anasema Mmamba aliambiwa tu, ukweli ameupata kwako. Anasema Samwiri ni kaka yake. Wiki tano msichana amebeba jambo hilo peke yake, anaogopa hata kumgusa mkono."

Kwetu na kwao ni lile lile: wa muziro mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Halihitaji kuelezwa. Mimi nikaeleza. Nilieleza Guatemala iko wapi, nikaeleza majina ishirini, nikafungua daftari la Eulogio kumwonyesha. Bi Jovia alingoja mpaka nikavuta pumzi.

"Nimekuuliza kitu kimoja. Neno hili hapa ni kweli au si kweli?"

Ndipo niliposema, na naliandika kama nilivyolisema: "Inategemea unaelewaje muziro."

Ningeweza kusema si kweli. Maneno mawili. Lakini Eulogio alikuwa amesimama pale, na ndiye aliyekuwa amenionya juu ya neno hilo, na mimi ni mtu ninayesahihisha Kiswahili cha mchungaji. Bi Jovia alivaa glovu yake kidole kimoja kimoja, akaichukua kadi, akasema, "Mtu anayezunguka hivi anaficha kitu." Akaondoka akiamini nimeficha kwamba ni kweli.

Eulogio aliukusanya ule unga wa fedha mezani.

Jumapili, 11 Novemba

Sikwenda ibadani.

Jumatano, 14 Novemba

Samwiri amenipigia simu kutoka kituo cha mabasi. Kikao ni Jumapili kwa shangazi yake. "Njoo useme, Mwalimu," alisema. "Sema tu kwamba si kweli. Mimi sitaki kueleweshwa, nataka mke." Theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka.

Jumapili, 18 Novemba

Nilipanda treni ya Saltsjöbanan hadi Fisksätra, theluji ikipiga dirisha kwa ubavu, nikirudia moyoni maneno yangu: Neno ni kosa langu. Damalie si Nkima kwa kadi hii.

Sebuleni tulikuwa sita. Bi Jovia kwenye kiti cha mkono. Samwiri karibu na dirisha, na mdogo wake wa kike, Noeline, akigawa chai. Damalie sakafuni juu ya zulia, kwa heshima ya kwao, mkufu umefichwa chini ya sweta. Pembeni yake Petero, mume wa marehemu mama yake mdogo. Petero ndiye aliyemvusha Damalie mpaka Kenya akiwa na miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyemleta Sweden. Anafanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli, na mikono yake imeparara kuliko yangu.

Nilisema. Safari hii nilisema vizuri, bila gurudumu hata moja. Samwiri alifumba macho, mabega yake yakashuka, nikajua nimemtua mzigo. Noeline alianza kucheka kwa furaha.

"Asante," akasema Bi Jovia. "Kwa hiyo kadi ni takataka."

"Ni takataka."

"Vizuri. Sasa, Damalie, tuanze upya. Wewe ni nani?"

"Mmamba," akasema Damalie, kwa sauti ndogo.

"Nani alikuambia?"

Akamtazama Petero. Sote tukamtazama Petero. Alikishika kikombe kwa mikono miwili kana kwamba kina uzito.

"Mimi," akasema.

"Wewe ulimjua baba yake?"

"Sikumjua. Alikufa mtoto ana miaka mitatu. Mama yake hakuwa akimtaja. Tulipofika Nairobi, kila Mganda aliuliza, huyu mtoto wa nani, ukoo gani. Nikasema Mmamba. Mmamba ni wengi. Mtu hapotei kati ya Mmamba."

"Ulibuni."

"Nilimtafutia pa kukaa, nnyabo," akasema, kwa neno lao la kumheshimu mwanamke.

Hakuna aliyenywa chai. Bi Jovia aliuliza kama kuna wa kuandikiwa barua. Petero akasema ameandika Bulemezi, kwao huko Uganda, mara nne, na tangu vita vifike huko hakuna jibu, hajui hata kama nyumba iko. Bi Jovia alijifuta uso kwa kitambaa, na kwa mara ya kwanza niliona ni mwanamke aliyekuwa akiitamani harusi hii.

"Simkatai msichana," akasema. "Msichana huyu nilimshonea nguo. Nakataa kutojua. Anaweza kuwa Mmamba, anaweza kuwa Ngeye, anaweza kuwa mtoto wa kaka yangu aliyepotea sitini na nne. Nani ananihakikishia?"

"Shangazi," Samwiri akaanza.

"Wewe ulale na dada yako, na mimi ndiye niliyeshangilia?"

Samwiri akageukia dirisha.

Nikasema, kwa ujinga wangu, kwamba mwezi wa tisa hali ilikuwa hivi hivi na hakuna aliyeona shida.

"Mwezi wa tisa nilikuwa nimelala," akasema Bi Jovia. "Ningepokea Mmamba, ningepiga vigelegele, ningekufa bila kujua. Ni wewe uliyeniamsha, Mwalimu. Haya, nionyeshe mtu anavyolala tena."

Damalie alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya. Alikuwa na uso wa mwanafunzi ambaye bado anamwamini mwalimu.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kama inajulikana hata kama mtu hana wa kumwuliza. Ukasema inajulikana."

Ni kweli aliuliza. Nimefungua kurasa za nyuma na swali liko pale, nimeliandika mwenyewe, nikapita juu yake kwenda kwenye magurudumu. Alikuwa akimwulizia baba yake.

Bi Jovia alimwuliza Samwiri mara ya mwisho kama bado anaitaka ndoa hii. Samwiri alitazama maji nje, yaliyokuwa hayajaganda bado.

"Nitamsikiliza shangazi," akasema.

Petero alimsaidia Damalie kuinuka. Tulisubiri treni sote watatu kwenye jukwaa moja, tukaachana kituo cha Slussen.

Jumanne, 20 Novemba

Nilimkasirikia Bi Jovia siku mbili. Nimemwita mkaidi, mtu wa zamani. Leo nimejiuliza binti yangu ningemwoza vipi, na jibu langu ni lile lake.

Ijumaa, 23 Novemba

Niliyoyafanya leo hayana hata udhuru wa haraka.

Damalie alikuja karakana mchana, koti la kazi chini ya koti la baridi. Alimsalimu Eulogio kwa Kiswidi, kisha akatoa kile kipande cha cheti na kukilaza mbele yangu.

"Mwalimu, nimeelewa kwamba kima si ukoo. Nimekubali. Ila nataka kuuliza. Kwa hesabu ya huyu mzee, ya siku, kima ni wangu? Hata kama si kwa baba?"

Alikuwa amemtoa kima nje ya sweta. Alikuwa amemshika kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika sikio la mtoto.

Nikavaa miwani. Nikatazama cheti. Na kwa kuwa nimesahihisha karatasi za watu maisha yangu yote, nikaona. Chini, baada ya sahihi ya padri, kuna jina la mdhamini. Cheti cha kuzaliwa hakina mdhamini. Nikahesabu kichwani siku ya wiki: tarehe kumi na nne Mei, mwaka sitini na moja, ilikuwa Jumapili.

"Hiki ni cheti cha ubatizo," nikasema.

"Maana yake?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwamba nusu iliyochanika ndiyo iliyokuwa na tarehe ya kuzaliwa. Kwamba padri alibatiza Jumapili, watoto wa wiki mbili, wa miezi sita, hata wa mwaka. Kwamba kwa hiyo siku yake haijulikani, na kima huyu, hata kwa Wamaya, ni wa siku ya maji ya ubatizo, si wake. Nilisema kwa utulivu na kwa mpangilio mzuri. Nafikiri niliinua kidole.

Damalie aliinamisha kichwa, akafungua kifungo cha mkufu nyuma ya shingo. Kilimchukua muda, vidole vilikuwa na baridi. Akaulaza mkufu mezani.

"Asante kwa kunielewesha," akasema.

Alipanda ngazi. Mlango wa juu ni mzito, ulifunga polepole.

Eulogio alikuwa ameelewa bila lugha. Alimfunga kima katika kitambaa na kumtia kwenye droo. Baadaye sana alisema, mgongo kwangu:

"Kwetu aliyekuwa akihesabu siku ni shangazi yangu. Mtu akija na tarehe asiyo na hakika nayo, alimpa kahawa, akamwuliza habari za mama yake. Hakuwa akisahihisha, Don Anselmo."

"Yuko wapi sasa?"

"Wanajeshi walimchoma moto ndani ya nyumba."

Nikainuka, nikamchemshia kahawa.

Jumatatu, 26 Novemba

Nimechoma kadi zote zilizobaki zenye lile neno. Kumi na tisa.

Jumamosi, 8 Desemba

Leo ingekuwa siku yao. Nimefagia karakana mara mbili. Theluji mfululizo.

Alhamisi, 13 Desemba

Asubuhi, kwa sikukuu ya taa ya Waswidi, wanafunzi wa shule walipita uwanjani wakiimba na mishumaa kichwani, weupe na weusi, wote kwa kanzu nyeupe. Wilkister aliingia akikung'uta theluji, bila mzaha wake.

"Basi la Samwiri nimelipanda jana," akasema. "Amekonda. Ameomba njia za kaskazini ili asipite Farsta."

"Na Damalie?"

"Anafanya kazi, anarudi, analala. Nilimpelekea samaki. Amenishukuru vizuri mno, kama mgeni."

Nikampa barua niliyokuwa nimeiandika kwa Damalie, kurasa tisa, nikamwomba aipeleke. Aliketi kwenye kiti cha Eulogio na kuifungua bila kuniomba ruhusa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akapima zilizobaki kwa kidole gumba, akanirudishia.

"Samahani iko ukurasa gani?"

"Wa nane. Nilitaka kwanza aelewe jinsi—"

"Mzee wangu, wewe unaeleza mpaka mtu anasahau alikuja kwa ajili gani. Msichana hakosi maelezo. Amejaa maelezo mpaka hapa." Akagusa koo lake. "Wote tunakuita Mwalimu na unapenda. Yeye alikuja kama mtoto. Ulimwona?"

Eulogio alimpa kahawa. Wilkister akanywa, akamwuliza kwa Kiswidi habari za mama yake, na yeye akamjibu. Walizungumza nusu saa. Mimi nilishika tupa na kuikuna ncha ya bati ambayo haikuhitaji kukunwa.

Jumamosi, 15 Desemba

Nimejaribu kufupisha barua. Imekuwa kurasa kumi na moja. Nimeichana.

Nilidhani jambo hili litanifundisha kumwelewa Bi Jovia, au Petero, au mila zetu ugenini. Naandika hivi na naona bado natafuta somo. Binti aliishi na uongo mmoja mdogo wa mtu aliyempenda, na ulimtosha. Nikampa baba kwa kadi, nikamnyang'anya, kisha nikarudi kumnyang'anya hata siku ya kuzaliwa. Samwiri hatarudi; nimeliona hilo usoni kwake pale dirishani. Jibu la Bulemezi halikuja na huenda halitakuja. Hakuna nitakachosema kitakachorudisha chochote kati ya hivyo.

Jumapili, 16 Desemba

Baridi kali, nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Leo Damalie hayuko kazini.

Anselmo, vaa koti, panda treni mpaka Farsta, bisha mlango wa Damalie, sema "Samahani, nilikuumiza," kisha unyamaze.